Anza na Usiku Mmoja Ziwani

Kaisho, Kyerwa

Mwanangu mpenzi,

Picha ulizonitumia zilifika zote isipokuwa ya mwisho iliyokwama nusu, kwa hiyo nimeiona meli yako bila nyuma yake. Mtandao wa hapa unaujua. Ukipanda hatua ishirini tu kuelekea mgombani simu inakukaribisha Uganda na kuanza kula salio kwa bei ya wageni. Ndiyo maana mimi shangazi yako nimechukua kalamu. Kijana wa jirani anarudi Dodoma Jumatatu, atakufikishia barua hii pamoja na kilo mbili za maharage. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, goti lake linasumbua wakati wa mvua tu, na kahawa mwaka huu imezaa vizuri kiasi kwamba walanguzi wa butura wameanza kupita kabla haijaiva. Wengine watauza ikiwa bado mtini, kisha waje kulia mwezi wa saba.

Umeniuliza mambo mawili. Je, ni akili wewe na mumeo kutumia akiba ya miaka mitatu kwa safari ya siku saba baharini, kwenye meli yenye mabwawa ya kuogelea juu ya paa? Na baba utamwambiaje? Naanza na la pili maana ndilo gumu.

Baba yako hapandi chombo cha majini, na ninyi watoto mmekuwa mkimcheka bila kujua mnacheka nini. Mwaka 1996 alikuwa Mwanza, anatengeneza redio pale Makoroboi. Jumanne tarehe 21 Mei, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandarini. Ilikuwa imetoka Bukoba jioni ya jana yake na kupitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo. Chombo kilitengenezwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Hesabu kamili hakuna, kwa sababu majina yaliyoandikwa yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu waliingia bila kuandikwa popote. Rais Mkapa, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka Ikulu, alitangaza siku tatu za maombolezo. Baba yako hakuzisikia redio zake siku hizo. Alikuwa uwanja wa Nyamagana, anapita kati ya miili iliyopangwa chini, akimtafuta rafiki yake wa hapa Kaisho aliyekuwa amemwandikia kwamba anakuja na meli ya wiki hiyo. Alitafuta siku tatu. Kwenye orodha hakuwamo, lakini kutokuwamo kwenye orodha hakukuwa na maana yoyote.

Siku ya nne yule rafiki alishuka kwenye basi, na begi lake begani. Alikuwa ameachwa na meli Kemondo. Alikwenda kula ndizi za kuchoma, akarudi gati likiwa tupu. Ni yule mzee uliyekuwa ukimwita Babu Pipi. Kwa hiyo baba yako hakupoteza mtu wake. Lakini alikuwa amekwisha kuwaona wa watu wengine, na wengi wao sasa wamelala Igoma katika makaburi ya pamoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hakuumwa, alimtazama tu nyoka kwa siku tatu, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi.

Basi usiende kumwambia kwamba meli za siku hizi hazizami. Atakuuliza habari za MV Nyerere, na utakosa jibu. Ile ilikuwa kivuko kidogo tu kati ya Bugolora na Ukara, huko Ukerewe, na ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu na gati. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Soma tena namba hizo mbili. Ukitaka kuzungumza na baba yako, zungumza naye kwa namba za namna hiyo. Mwambie meli unayotaka kupanda imetengenezwa kubeba wangapi, siku hiyo itabeba wangapi, na kwamba jina lako na la mumeo yatakuwa yameandikwa, pasi kwa pasi, kabla hamjagusa ngazi. Hayo atayasikia. Mambo ya mabwawa ya kuogelea asiyasikie kabisa.

Wala usimshauri kwamba basi ndege ni salama zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilitumbukia ziwani pale Bukoba ikijaribu kutua, watu 19 wakafa, na waliotoka waliokolewa kwanza na wavuvi waliokuwa na mitumbwi yao. Aliposikia habari hiyo baba yako alisema neno moja tu: "Ziwa." Kana kwamba anamtaja mtu.

Sasa la kwanza. Nimeitazama karatasi ya bei uliyonitumia, na mwalimu wa jiografia hata akistaafu hawezi kuacha kusahihisha. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kuanzia, maana yake ni ya chumba kisicho na dirisha, ndani kabisa ya tumbo la meli, na ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja. Kwenu ninyi wawili izidisheni kwa mbili. Mtu akienda peke yake hulipa karibu sawa na wawili, kwa hiyo yule rafiki yako anayetaka kuwafuata mwambieni mapema asije akaaibika. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bandari. Kuna bahashishi ya wahudumu, ambayo kwenye meli nyingi hukatwa kila siku kwa kila kichwa, upende usipende. Soda, bia na intaneti mara nyingi ni za pembeni. Na safari za nchi kavu kila meli inapotia nanga mnalipia tena, isipokuwa mkiamua kushuka na kutembea kwa miguu yenu, jambo ambalo mimi ningelifanya.

Haya sikuyaota. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyekuwa hajui kutofautisha rasi na ghuba, anafanya usafi wa vyumba kwenye meli za aina hiyo. Mkataba wake ni wa miezi saba mfululizo, na hulala chini ya usawa wa maji pamoja na mwenzake wa Ufilipino. Alipokuja likizo alikaa hapa barazani akanieleza mpaka chai ikapoa. Anasema abiria wa mara ya kwanza unamtambua siku ya pili: amechoka. Amekimbilia kila kitu, kila chakula, kila muziki, kwa kuwa amelipia. Anasema tena kwamba wengi hufika bandarini siku ileile meli inapoondoka, ndege ikichelewa saa tatu wanabaki wakitazama mgongo wa meli, na pesa hairudi. Fikeni siku moja kabla. Laleni nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na bandari. Babu Pipi aliachwa na meli akaokoka. Ninyi mkiachwa mtakuwa mmefilisika tu.

Halafu pasi na viza. Meli uliyoichagua inazunguka Bahari ya Kati, inaanzia Italia, inapitia Uturuki na kurudi. Mtu wa pasi yetu akitoka eneo la Schengen kuingia Uturuki amekwisha kutoka. Anaporudi anaingia upya. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itawakwamisha katikati ya safari. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja. Uturuki nayo ina masharti yake. Kampuni ya meli haitawakumbusha hayo, itawakatalia tu kupanda. Kateni na bima ya safari inayotaja matibabu ya ndani ya meli na kusafirishwa kwa mgonjwa, kwa kuwa daktari wa melini si wa bure, na bima yako ya kazini haivuki hata Rusumo.

Zaidi ya yote kuna zoezi. Kabla ya kuondoka wataita kila abiria kumwonyesha mahali pake pa kukusanyika ikitokea hatari. Watu hulikimbia, wanakwenda kupiga picha. Mwezi Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio huko Italia, watu 32 wakafa, na mamia ya waliopanda jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi hilo. Ndipo sheria ikabadilishwa, sasa hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Wewe nenda. Hesabu ngazi kutoka mlangoni kwako hadi hapo, kwa mguu, kama tulivyokuwa tukihesabu mashina ya migomba usiku ili tusipotee.

Umeona kwamba sijakukataza. Sikukatazi. Ila nina ombi ambalo ukilikubali litakuokolea pesa, na ukilikataa basi. Kabla ya kulala majini usiku saba, laleni usiku mmoja. Ukiwa mtoto wa Kagera na hujawahi kulala ziwani, ukaenda kuanzia Bahari ya Kati, utakuwa kama mtu aliyekwenda kujifunza kupika ndizi Ulaya. Boti ya Zanzibar uliyopanda mlipooana usiihesabu. Saa mbili ukiwa umekaa kitini na video ya ngoma mbele yako ni basi lililolowa.

Ninayosema ni MV Victoria. Usiikunjie uso. Ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kisumu kuunganishwa, na ikaanza kazi mwaka 1961. Enzi hizo za reli na bandari za Afrika Mashariki haikuwa ya kwenda Mwanza na kurudi tu. Ilizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na wazungu walilipa nauli kwa ajili ya kuzunguka tu, bila shughuli yoyote. Hiyo, mwanangu, ndiyo likizo ya melini unayoitafuta, nayo ilikuwa inapita hapa Bukoba kabla wewe wala mimi hatujaijua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na vyake, meli ikabaki kwetu, na duara likawa mstari. Miaka ya karibuni ilisimama muda mrefu kwa uchakavu, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020. Hubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ziwani kuna mdogo wake aliyemzidi umbo, MV Mwanza, aliyejengwa hukohuko Mwanza na kushushwa majini Februari 2023: mita 92.6, abiria 1,200 vilevile lakini tani 400 na magari juu yake. Nimesoma mgawo wake wa nafasi na nikacheka. Daraja la kawaida watu 834, la pili 200, la kibiashara 100, la kwanza 60, watu mashuhuri wanne, na watu mashuhuri zaidi wawili. Ukitazama hapo unaona Tanzania nzima imepangwa kwa sitaha.

Njooni likizo kwa meli, mrudi kwa basi. Kutoka Dodoma mtafika Mwanza kwa barabara, mtalala, na siku ya pili mtapanda. Ratiba na nauli muulizeni wenyewe TASHICO, lile shirika la serikali lililokuwa likiitwa MSCL, maana nauli niliyolipa mimi mara ya mwisho haina kazi tena. Tiketi nunueni dirishani kwa kitambulisho. Msinunue kwa kijana anayewaita dada na shemeji nje ya geti. Nilishawahi kununua hivyo, sitasema wapi wala mwaka gani, nikauziwa kitanda ambacho alikuwa amelala mama mwenye mapacha. Yeye naye alikuwa na tiketi, namba ileile. Tulilala wanne, kichwa kwa miguu, na mpaka leo hutumiana salamu za Krismasi.

Kuhusu mwezi, sikiliza vizuri, hapa ndipo jiografia inapolipa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujijenga huku kwetu milimani. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unakwenda kukutana katikati ya maji. Hapo ndipo radi huzaliwa, usiku wa manane, na kuelekea asubuhi husukumwa magharibi. Ndiyo maana Bukoba huamka na mvua wakati sisi hapa tunainywea kahawa jioni. Wazee walilijua hilo bila mimi. Walisema ziwa, Lweru, lina mwenyewe, Mugasha, na kwamba hutembea usiku. Kwa hiyo msichague Aprili, wala Novemba, hata kama Novemba ni mwezi wa senene na ninajua unavyozitamani. Desemba nayo ikimbieni kabisa: kila Mhaya na Mnyambo aliyeko mjini anarudi nyumbani na godoro, na meli hujaa mpaka ngazini. Katikati ya Januari hadi Februari ndiyo tulivu, wakati wageni wamekwisha rudi na shule zimefunguliwa. Tazameni kalenda, mchague usiku wenye mwezi mpevu.

Chukueni chumba cha daraja la kwanza au la pili la kulala. Si kwa majivuno. Ni kwa ajili ya kuona kama ninyi wawili mnaweza kukaa ndani ya chumba chenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kitanda juu ya kitanda, sinki ndogo pembeni, mlango mmoja, bila kununiana. Chumba kile cha bei ya kuanzia kwenye meli yako hakikizidi sana. Ombeni kilicho katikati ya meli na chini kidogo kama mnaweza kuchagua. Mbele na nyuma hupanda na kushuka kama bembea, na juu huyumba. Kanuni hiyohiyo hutumika baharini. Mawimbi ya ziwa si marefu ya kubembeleza. Ni mafupi, yanafuatana kwa haraka, yanakupiga kabla hujajipanga. Ukiweza kulala juu ya haya, ya bahari utayaona ni ya kubebwa mgongoni. Na kama tumbo lako ni la upande wa mama yako, utajua kwa bei ya nauli ya Bukoba badala ya kujua kwa akiba ya miaka mitatu. Kuleni mapema, kidogo, chakula kikavu. Ndizi zilizofungwa kwenye jani la mgomba zinafaa kuliko wali wa mafuta. Ukianza kuona kichefuchefu usijifungie chumbani. Toka nje, tazama taa iliyo mbali, usitazame simu.

Mkishaweka mizigo pandeni juu msimame nyuma. Meli inapoliacha gati haitikisiki. Ni gati linaloanza kuondoka. Wachukuzi hupungua, kelele za makuli hukatika moja moja, halafu unaona Mwanza jinsi ambavyo mtu wa barabarani hawezi kuiona: nyumba zimepanda vilima vya mawe mpaka juu, kila moja na taa yake, na mawe yenyewe hayaonekani, kwa hiyo ni kama taa zimening'inia. Kaeni hapo mpaka zizame. Msipige picha nyingi, hazitoki.

Baadaye shukeni mpite daraja la tatu. Lazima mpite, maana huko ndiko meli iliko. Nitakwambia nilichokiona safari yangu ya kwanza, nikienda chuo cha ualimu, mwaka 1984. Nilikuwa daraja hilo, nimekaa juu ya sanduku langu la bati, naogopa kusinzia lisije likaibiwa. Mbele yangu alikuwapo mwanamke na mtoto wa kama miaka mitatu, na tenga la kuku. Giza lilipoingia alifungua kanga yake ya pili. Akaifunga ncha moja kwenye kiuno cha mtoto, akaizungusha kwenye nguzo ya chuma mara mbili, ncha ya pili akaifunga kiunoni kwake, akavuta kuona kama imekaza. Kisha akalala papo hapo, kama mtu aliyezima taa. Mtoto alikuwa na urefu wa kanga wa kuchezea, hakuweza kufika ukingoni. Kila alipofika mwisho wa kamba yake alirudi. Nilikaa macho usiku kucha nikimtazama yule mtoto badala ya kutazama sanduku langu, na sanduku halikuibwa. Alfajiri mama akaamka, akafungua mafundo, akanipa yai la kuchemsha. Hatukusemeshana hata majina.

Sijui kwenye meli yenye abiria 7,600 utaona nini cha namna hiyo. Ndiyo, 7,600, hiyo ni Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024, na urefu wake ni mita 365. Yako si hiyo, ni ndogo zaidi, nimeangalia. Lakini jambo moja lilinifurahisha nilipokuwa nikisoma habari za hizo meli kubwa. Hiyo Icon iliundwa Turku, Finland, katika karakana ya Meyer, Wajerumani wa Papenburg. Na Papenburg ndiko ilikotengenezwa mwaka 1913 meli ya Graf von Goetzen, ikapakiwa makasha kwa makasha, ikaja Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma na mafundi watatu wa kuiunganisha. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nene, kama mtu anayefukia chungu akijua atarudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 imekuwa Liemba. Mama mmoja, watoto wawili: mmoja ana mabwawa ya kuogelea, mwingine alikwenda Mpulungu akisimama katikati ya maji mahali pasipo na gati, mitumbwi ikija kumzunguka na dagaa, mahindi na mabibi harusi. Ikiwa usiku mmoja utawakolea, na ikiwa wamekwisha kuikarabati na kuirudisha Ziwa Tanganyika, hiyo ndiyo ningeifanya ya pili, kabla ya Italia. Mumeo asiseme kwamba shangazi anapenda vyuma chakavu. Ninapenda vyuma vilivyokwisha kujaribiwa.

Alfajiri msikose. Mtafika Kemondo kwanza, giza likiwa halijaisha vizuri, na honi itawaamsha hata kama hamtaki. Mtaona mikungu ya ndizi imesimamishwa gatini safu kwa safu kama wanafunzi paredi, inangoja kupakiwa kwenda Mwanza. Pale ndipo Babu Pipi alipokula ndizi zake. Tokeni mwone, kisha mwendelee mpaka Bukoba, kisiwa cha Musira upande mmoja na majabali upande mwingine. Kutoka Bukoba basi la Kyaka, Kayanga, Omurushaka, halafu Nkwenda na huku kwetu; vumbi mnalijua. Mtafika jioni. Kurudi mtapita Biharamulo na Geita kwa barabara na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji kwa dakika chache, mahali ambapo tulikuwa tukisubiri kivuko tangu asubuhi. Mkivuka hapo mtakuwa mmeona ziwa kwa njia zote mbili, na mtaniambia ipi ilikuwa safari.

Ndani ya meli, jambo la kwanza kabla ya kuvua viatu, ulizeni jaketi okozi ziko wapi. Msionyeshwe kwa kidole. Shikeni moja, mvae, mfunge, mvue. Baharia atawacheka. Mwache acheke.

Kama baada ya hapo bado mnataka Bahari ya Kati, nendeni, na nitachangia nauli ya kufikia uwanja wa ndege kutokana na mauzo ya kahawa, nikiipeleka chama badala ya butura. Kama hamtaki tena, mtakuwa na akiba ya kiwanja. Mimi siegemei upande wowote. Si kweli, naegemea, lakini nyamazeni.

Nimemsomea baba yako barua hii yote jana jioni, isipokuwa sehemu ya mabwawa ya kuogelea. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye tarehe 21 Mei nilikuwa nimeandika Jumatano. Akasema, "Jumanne." Nikafuta, kama unavyoona hapo juu palivyochafuka. Akakaa kimya mpaka mwisho, halafu akaniuliza ule mlango wa chumba hufunguka kwa ndani au kwa nje. Nikamwambia sikumbuki. Akasema niulize, akaondoka kwenda kuyafunika maharage, maana mvua ilikuwa inakuja.

Kwa hiyo mtakapopanda mtazame mlango, mtujulishe.

Ni mimi,
Shangazi yako